Siti ya Katikati

Pale yadini mteja alipimwa kabla hajamaliza kuvuka geti. Tulikuwa wauzaji wachache, tunakaa chini ya bati mbele ya ofisi, na macho yetu yalianzia chini: viatu kwanza, halafu suruali, halafu tumbo, mwisho kabisa ndio uso. Mkubwa wetu wa mauzo, mtu wa Tanga aliyeletwa Mwanza na tajiri mwenye yadi, alikuwa na sheria zake na alizihubiri kila asubuhi. Anayepiga teke tairi hana hela. Anayeuliza bei ya kila gari hana hela. Anayevua koti akalala kwenye kokoto kutazama uvunguni, huyo mkimbilie. Mnunuzi aliletewa soda baridi, mwenye dalili aliletewa maji ya kunywa, na mtazamaji aliachiwa jua. "Mtazamaji" ndilo lilikuwa tusi letu kubwa pale, na tulilitamka kwa sauti ya chini huku tunatabasamu.

Ilikuwa miaka ya tisini, magari yaliyotumika yameanza kumiminika kutoka Japani. Mimi nimekulia Mwanza, nakumbuka zamani gari lilikuwa la serikali, la misheni au la ushirika, na sisi wengine tulilijua kwa vumbi lake. Sasa ghafla mtu unakuta magari yamepangwa Mkuyuni kama nyanya sokoni, vioo bado vina vibandiko vya maandishi ya Kijapani. Vibandiko hivyo tuliviacha kwa makusudi. Mteja akiviona anaamini gari halijachezewa na fundi wa hapa.

Mimi niliajiriwa kwa sababu tajiri aligundua kwamba wanawake nao wameanza kununua: wenye maduka, wenye mashine, wafanyabiashara wa sangara. Alitaka msichana wa kuwachekea. Jamani, mimi si mtu wa kuchekacheka. Nina ulimi, na hasira zangu ziko karibu, mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini kazi niliihitaji, basi nikacheka.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja peke yake. Kitenge kizuri lakini kimechujuka, ndala miguuni, mwavuli mweusi mkononi ingawa mvua haikuwepo. Nyuma yake, mbali kabisa, akaja mwanamume mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Nywele zake zilikuwa na mvi nyingi, na hakuingia. Alisimama pale getini akitazama chini, kama aliyeangusha sindano.

Mkubwa wetu alimtazama yule mama miguuni, akanong'ona, "Ndala." Hata hivyo alimfuata, maana asubuhi ile hatukuwa na mteja mwingine. Mama akapita magari madogo yote bila kuyatupia jicho, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu moja ya buluu iliyoegeshwa nyuma, karibu na mawe. Ilikuwa pikapu ya kabini moja, yenye siti moja ndefu ya watu watatu, na gia yake ipo juu kwenye usukani. Akaweka kiganja kwenye siti, akakibonyeza. Akabonyeza tena pale katikati, mara nyingi, kama mtu anayejaribu godoro.

"Hii inarusha?" akauliza.

"Mama, hii ni kitanda," mkubwa wetu akasema. "Utalala usingizi mpaka Shinyanga."

"Nataka nipande, niione mwenyewe barabarani."

"Hakuna shida. Dereva unaye?"

Alielekeza kidevu kule getini, huku uso wake ameugeuzia upande mwingine.

Hapo ndipo mkubwa wetu alipotoa boko la mwaka. Akainua mkono, akapaza sauti yadi nzima ikasikia: "Shemeji! Njoo bwana, mkeo anakuita! Njoo mkae wote hapa, yeye akae katikati, mimi pembeni, twende tukalijaribu!"

Wewe! Yule mwanamume alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akageuka, akatoka nje ya geti, akavuka barabara bila hata kutazama kushoto wala kulia. Na yule mama akavuta kitenge akajifunika uso, akabaki ameshikilia mlango wa pikapu.

Mkubwa wetu akarudi kwenye kivuli, akachezea funguo mfukoni. "Wamenuniana," akatuambia. "Mke na mume wakija wamenuniana, hawanunui. Wanakuja kukomoana tu. Mwacheni jua limtoe." Wenzangu wakacheka. Funguo za magari yote zilikaa mfukoni mwake, na sheria ilikuwa moja: ufunguo hautoki kwa ajili ya mtazamaji.

Mimi sikucheka. Kwa jinsi walivyokwepana nilishahisi yule ni mkwewe, na aibu ya yule mama ikanipata mimi. Kwetu ni Usukumani, nimekua nikimwona baba yangu akiacha njia na kuingia kwenye mihogo ya watu kwa sababu bibi mzaa mama anakuja mbele. Mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawatazamani machoni. Na sasa huyu mama kaambiwa mbele ya watu kwamba mkwewe ni mumewe, na kwamba wabanane kwenye siti moja, bega kwa bega, goti kwa goti. Mvi za yule kijana zilikuwa za mapema tu, ungemtazama usoni badala ya kuanzia viatuni ungeliona hilo.

Nikamfuata mama pale kwenye pikapu. Nikapiga goti kwenye kokoto, na kokoto za pale zilikuwa kali kwelikweli.

"Shikamoo, mayu."

Alipolisikia hilo "mama" la Kisukuma akafunua uso. "Marahaba, mwanangu. Inuka, utachanika."

"Yule ni mkweo?"

"Ni mkwe wangu," akasema, na machozi yakamtoka. "Ni mume wa binti yangu. Sasa atanitazamaje huyu mtoto wa watu? Ataniendeshaje? Mwenzenu kaniua."

Nikamkalisha juu ya tairi la akiba, nikakaa chini karibu naye. Akanieleza. Kwao ni ng'ambo, upande wa Sengerema. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga aliyoachiwa na marehemu mumewe, na ameiuza. Binti yake, huyo mmoja tu aliyebakiwa naye, ameugua kifua kikuu kilichoshuka kikaingia kwenye uti wa mgongo. Alikaa hospitali kubwa kule juu mlimani mpaka wakamtoa, na sasa amelala kwa shangazi yake Butimba. Anatakiwa kupelekwa kuchomwa sindano kila siku. Daktari alisema waziwazi: akizikosa sindano hatatembea tena, na huenda hata asipone. Na mgongo usitikiswe.

"Basi la abiria haliwezi. Teksi wanamtupa kama gunia," akasema. "Na wengine wakimwona alivyokonda hawasimami. Wanajua wanachokijua wao."

Nilielewa. Miaka ile mtu akikonda, mtaa mzima ulishamwandikia ugonjwa, na hata maji ya kunawa alitengewa kopo lake.

"Jana hakwenda," mama akaendelea. "Leo amekwenda kwa baiskeli, mume wake anasukuma, mimi nashikilia nyuma. Alilia njia nzima. Mwanangu, mimi sina haja ya gari la kupendeza. Nataka gari ambalo mtoto wangu hatalia. Nisipokaa mwenyewe ndani nitajuaje? Na anayejua gari ni mkwe wangu, alikuwa dereva wa malori ya pamba kabla hawajapunguzwa kazi. Lakini mimi na yeye hatuwezi kukaa pale. Siti ni moja."

Nikainuka. Nikaenda kwa mkubwa wetu, na kichwa kinanichemka.

"Nipe ufunguo wa ile ya buluu."

"Wa nini? Nimeshakwambia wale..."

"Wale si mke na mume! Yule ni mama mkwe wake. Umemwita mkwe wa mtu mke wake, mbele ya watu! Huku kwetu hata kivuli cha mkweo hukikanyagi. Unataka wabanane vipi kwenye siti moja?"

Akanitazama akidhani natania. Kisha akapasuka kicheko, akacheka mpaka akashika ukuta. Na katikati ya kicheko akanyamaza. Lazima nimpe haki yake, alikuwa na roho nzuri yule bwana, ila alikuwa hajui. Akasema, polepole, "Mimi mama mkwe wangu ananipakulia wali mwenyewe. Tunakula sinia moja. Ananitania nimeota kitambi." Akapapasa mfukoni. "Sasa watakwendaje?"

"Mimi nitakaa katikati."

"Na hela wanayo?"

"Sijauliza," nikasema. Akatikisa kichwa, akanipa ufunguo.

Kumpata mkwe ndiyo ilikuwa kazi. Nilimkuta ng'ambo ya barabara, amejificha nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Nilimpa pole, nikamwambia hakuna aliyekusudia, na kwamba kati yake na mkwewe nitakaa mimi. Akafikiri sana. Akaniuliza, "Wewe ni mnene kiasi gani?" Halafu yeye mwenyewe akaona haya kwa swali lake, nikacheka kicheko cha kweli, cha kwanza tangu niajiriwe pale. Nilikuwa na mwili miaka ile, tena wa kutosha. Nikamwambia, "Ukuta mzima huu, baba. Hutaona hata kitenge chake."

Basi tukapanda. Mama dirishani, ameuelekeza uso nje. Mkwe kwenye usukani, macho mbele. Mimi katikati, magoti nimeyabana, mgongo nimeunyoosha, najipanua makusudi. Tukatoka Mkuyuni tukaelekea Butimba, na kwenye lami kila kitu kilikuwa shwari, gari linateleza. Mkwe akakata kona, akaingia barabara ya vumbi inayoshuka ziwani, yenye mashimo ya kila aina.

Hawakuzungumza wao kwa wao. Walizungumza kupitia kwangu.

"Mwulize mama kama kiti kinamchoma," anasema mkwe.

"Mayu, anauliza kiti kinakuchoma?"

"Mwambie kiti hakina neno. Mwambie aende kwenye shimo."

"Anasema uende kwenye shimo."

Wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, tumebanana watu watatu kwenye kabini ndogo! Lakini kila neno lilipita kwangu kwanza, na mimi nililifikisha kwa heshima zote, sikuruka hata moja.

Tukaingia kwenye shimo. Pikapu ikayumba, nikarushwa kidogo. Mama alikuwa amefumba macho, mkono wake mmoja ameuweka kiunoni mwake, nyuma, pale mgongo unapoishia.

"Hapa mwanangu angelia," akasema.

Sikuhitaji kulifikisha hilo. Mkwe akasimamisha gari. Akarudi nyuma mpaka tulikotoka, akaingia tena kwenye shimo lilelile, safari hii polepole, gurudumu moja kwanza, akalisubiri, kisha la pili.

"Angelia," mama akasema.

Akarudi tena nyuma. Akabadili upande. Akashika usukani kwa vidole tu, kama anayembeba mtoto aliyelala na hataki aamke. Jasho linamtoka kwenye mvi zake. Mtu mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi pembeni alisimama kututazama, nina hakika alidhani tumerukwa na akili, gari zima linaenda na kurudi kwenye shimo moja. Ikawa hivyo, anarudi, anaingia, mama anasema angelia, anarudi.

Halafu akaingia, na mama hakusema kitu. Tulivuka. Gari lilishuka na kupanda kama lililopumua tu. Nikamtazama mama, macho bado ameyafumba, machozi yanashuka mpaka kidevuni.

"Mwambie hapo hajalia," akasema.

Nikageuka nimwambie mkwe, nikashindwa. Na yeye mwenyewe alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika. Ndipo nilipoelewa nilikokuwa nimekaa. Pale katikati palikuwa pake, yule binti aliyelala Butimba. Pale ndipo walipopanga kumweka, mama yake huku na mume wake huku, na mimi nilikuwa nimemshikia nafasi tu. Nikalia na mimi, sioni haya kusema. Tulilia watu watatu ndani ya pikapu ya watu wengine ambayo haijalipiwa.

Tuliporudi yadini, mkubwa wetu alikuwa amesimama getini na chupa tatu za soda, baridi mpaka zinatoka jasho. Alimsogelea yule mama, akainama, akasema, "Mama, nisamehe. Mimi ni mtu wa pwani, mila za huku sizijui." Mama akapokea soda kwa mikono miwili, akamwambia amekwisha samehe, ila siku nyingine aulize kwanza ndipo apige kelele. Sote tukacheka, hata mkwe, kule alikosimama nyuma ya gari.

Walilinunua. Ufunguo alikabidhiwa mama, maana ndiye mwenye mali. Akauchukua, akauweka juu ya boneti, akarudi nyuma hatua kadhaa na kugeuka. Mkwe akaja, akauokota kwa mikono miwili, akainama kuelekea mgongo wa mama mkwe wake. Mkubwa wetu alitazama tendo lile lote, na toka siku ile hakuanzia tena viatuni. Sijui kama aliacha kupima watu. Ila wateja wote pale yadini walianza kuletewa maji, na tajiri alipouliza kwa nini, akaambiwa ni joto.

Yadi yetu ilikuwa njiani kati ya Butimba na hospitali. Kila asubuhi pikapu ya buluu ilipita taratibu, magari mengine yanaipigia kelele iondoke njiani, na yule mkwe akifika usawa wa geti letu alipiga honi mara moja, fupi. Kwa mbali niliona vichwa vitatu, cha katikati kimefunikwa kanga nyeupe. Nikiisikia honi ile ndipo chai yangu ilipopita vizuri. Hata mkubwa wetu alikuwa akiisubiri, akijifanya anafuta vioo.

Halafu honi ikakoma.

Nilisubiri wiki ile, na iliyofuata. Nikajipa moyo, labda gari limeharibika. Mkubwa wetu akaacha kufuta vioo asubuhi, na hakuna kati yetu aliyetaka kulitaja. Mimi nilimwombea kanisani bila kujua nimwombee kama mzima au kama marehemu. Kumfuata Butimba sikuweza, nyumba sikuijua. Nyumba nisingeikosa kama ningeuliza, kusema kweli. Niliogopa kuambiwa.

Mvua zikaja zikaisha. Nikapata safari ya kwenda Sengerema kwenye harusi ya ndugu, nikashuka Kigongo kusubiri kivuko. Foleni ya magari ilikuwa ndefu. Nikatembea pembeni yake natafuta mahindi ya kuchoma, na hapo nikaiona pikapu ya buluu, imejaa magunia nyuma mpaka yameziba kioo. Juu ya magunia, chini ya mwavuli mweusi, amekaa yule mama, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

Nilihesabu hesabu yangu palepale: kama yeye yuko nyuma juani, basi mbele hakuna wa kukaa katikati. Kama hakuna wa kukaa katikati, basi binti hayupo. Nikasimama. Nikatamani nirudi, nipande gari nirudi Mwanza, nisijue. Lakini alikuwa ameshaniona, akapiga kelele ya furaha, na sikujua mtu aliyefiwa anaipata wapi kelele ile.

Nikapiga goti pale vumbini. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba! Marahaba, mwanangu! Inuka. Umeona nilivyotupwa huku? Umeona? Mimi niliyeuza mashine yangu, leo nasafiri na mpunga kama kuku!"

"Mayu," nikasema, "kwani..."

"Kanenepa!" akasema. "Sindano zimekwisha, sasa kazi yake kula. Anakula, anakula, analala, anaamka anakula. Siti ile hatutoshi tena. Nikikaa mlangoni naning'inia nje. Nenda mbele ukamwone, nenda, maana mimi nimechoka kumwona."

Nikaenda mbele. Mkwe alikuwa nje, ameegemea boneti, aliponiona akacheka na kutazama chini. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, amejaa kuanzia kwenye usukani mpaka dirishani, amekaa mwanamke mwenye mashavu ya kung'aa, mto mgongoni, anatafuna hindi la kuchoma. Akanitazama kuanzia usoni.

"Wewe ndiye uliyenikalia siti yangu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Akafuta mkono kwenye kanga, akanivuta ndani, akajaribu kunisogezea nafasi, na nafasi haikuwepo.